Ukurasa Mkubwa, Anwani Haisomeki: Mafunzo Niliyopata

Katika steshenari yetu kazi nyingi siku hizi hufanyika ndani ya brauza: maombi ya mkopo wa chuo, usajili wa biashara, kutoa namba ya malipo, kuchapa matokeo ya mtihani. Baadhi ya wateja huja na laptopu zao, na siku hizi zimezidi zile nyembamba zenye kioo cha ubora wa juu, nyingi zikiwa zimeshatumika Ulaya kabla ya kufika huku. Picha zinapendeza kweli. Shida iko kule juu ya brauza, kwenye majina ya vichupo, vitufe na anwani ya tovuti. Maandishi ya pale huwa madogo kiasi kwamba mtu husogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuhangaika na laptopu hizo.

1. Kioo si kibovu, kina nukta nyingi

Mwalimu mmoja mstaafu aliletewa laptopu na mwanawe anayeishi Uingereza. Nilipomwamkia aliitika marahaba huku akiiweka mezani, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni kompyuta ya sisimizi. Nitafutie kioo cha watu."

Kioo chake kilikuwa cha inchi 13.3, chenye nukta 3200 kwa 1800. Ukipiga hesabu unapata nukta kama 276 katika kila inchi. Laptopu ya inchi 15.6 yenye nukta 1366 kwa 768, aina iliyojaa maofisini, ina nukta 100 tu kwa inchi. Sasa chukua herufi ambayo programu imeambiwa iichore kwa urefu wa nukta 12. Kwenye laptopu ya ofisini itatoka na urefu wa milimita tatu. Kwa mwalimu, nukta zile zile 12 zinatoa milimita moja na chembe. Herufi haijapunguzwa chochote. Nukta zenyewe ndizo zimekuwa ndogo.

Windows huhesabu nukta 96 kwa inchi kuwa ndiyo 100%, kipimo cha tangu zama za vioo vizito vyenye kisogo. Kwa hesabu hiyo kioo cha nukta 276 kingetaka kukuzwa karibu mara tatu. Lakini laptopu huwekwa karibu na macho kuliko kompyuta ya mezani, kwa hiyo mara mbili au mbili na robo huwatosha wengi.

2. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa peke yake

Hii ndiyo dawa ambayo kila mtu ameshaijaribu kabla hajafika dukani. Anabonyeza Ctrl na + mara kadhaa, habari kwenye ukurasa zinavimba mpaka fomu inatoka nje ya kioo, na kule juu hakuna kilichobadilika. Brauza ina sehemu mbili: ukurasa unaotoka kwenye tovuti, na pale juu ambapo ni pa brauza yenyewe. Ctrl na + haigusi pale juu, si kwenye Firefox wala Chrome. Hata ile mipangilio ya Chrome ya kuchagua ukubwa wa kurasa zote inaishia kwenye kurasa.

Watu wengi huishia hapo. Ukurasa unasomeka, basi, kule juu wanakupuuza. Mimi hapo sikubali, na sababu ni hii inayofuata.

3. Kule juu ndiko unakojua uko kwa nani

Ukurasa unaweza kuandikwa lolote na mtu yeyote. Nembo ya taifa hunakiliwa, rangi hunakiliwa, hata fomu nzima ya mkopo hunakiliwa ikafanana na ya kweli. Mahali ambapo tapeli hawezi kuandika apendavyo ni kwenye anwani. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na mwisho huo hapewi kila mtu. Lakini mtu anaweza kusajili jina linaloishia na go-tz.com, lenye kistari mahali pa nukta, akasubiri wenye haraka.

Sasa zitazame alama hizo kwenye herufi za milimita moja. Nukta na kistari vinatofautiana kwa vidoa viwili vitatu vya mwanga. Herufi l na tarakimu 1 zinakuwa pacha. Herufi r ikikaa ubavuni mwa n, unasoma m. Mteja anayeingiza namba yake ya NIDA na nywila ya akaunti anategemea mstari mmoja wa maandishi, na mstari wenyewe ndio mdogo kuliko yote kwenye kioo. Kwa hiyo mtu akiniambia "achana na huko juu, ukurasa naona", namkalisha kwanza. Namwonyesha namna ya kuisoma anwani: tafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi kushoto. Kilichoshikana na mkwaju huo ndicho kinachokuambia mwenye tovuti. Asipoweza kukisoma, hapo tuna kazi.

4. Uliza kwanza: ni vyote vidogo, au ni brauza tu?

Swali hili huokoa muda mwingi. Ifunge brauza, tazama majina ya mafaili, saa pale pembeni, menyu ya Word. Kama navyo ni vidogo, tatizo ni la mfumo mzima. Kama hivyo viko sawa na brauza peke yake ndiyo imesinyaa, kuna mtu au programu iliyogusa mipangilio ya brauza. Mafundi wanaoruka hatua hii huanza kubadilisha kila wanachokiona, na ikikaa sawa hawajui ni kipi kilichoponya.

5. Ikiwa ni mfumo, malizana na mfumo

Kwenye Windows, bofya kulia mahali patupu kwenye kioo, fungua Display settings, tafuta Scale. Utakuta 100, 125, 150 na kuendelea, na moja imeandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa. Chagua, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena, maana programu zilizokuwa wazi huwa hazipokei kipimo kipya sawasawa. Kisanduku cha kuandika asilimia yako mwenyewe kipo, ila mimi sikipendi. Namba zisizo za kawaida huleta vitufe vilivyopinda na menyu zinazokatika.

Kuna pia kitelezi cha ukubwa wa maandishi kwenye sehemu ya Accessibility, kinachotoka 100% mpaka 225%. Hicho hukuza maandishi tu bila kupanua vitu vingine, na Firefox za miaka ya karibuni hukitii.

Kwa wenye Linux ya GNOME: kwa miaka mingi ukuzaji wake ulikubali namba nzima tu, yaani 100% au 200%. Katikati ya hapo tumia kipimo cha maandishi kilicho kwenye programu ya Tweaks, Firefox hukifuata.

6. Usipunguze idadi ya nukta

Ni njia ya mkato inayopendwa mno. Kioo cha nukta 3200 kinaambiwa kijifanye cha 1366, na herufi kweli zinakua. Ila nukta za kioo hazipungui. Ziko pale pale. Kila nukta ya picha inabidi itandazwe juu ya nukta mbili na theluthi za kioo, na theluthi haitandaziki, kwa hiyo kila ukingo wa herufi unakuwa na ukungu. Mwenye laptopu ataanza kulalamika kuwa macho yanauma, na atakuwa na haki.

7. Ikiwa ni brauza, tafuta aliyeigusa

Laptopu ya mwalimu ilikuwa hivi. Saa ilisomeka, mafaili yalisomeka, mfumo ulikuwa umewekwa 200%. Firefox peke yake ndiyo iliyokuwa ya sisimizi.

Kwenye sehemu ya anwani niliandika about:config, nikakubali onyo, nikatafuta layout.css.devPixelsPerPx. Kwa kawaida thamani yake ni -1.0, maana yake "fuata mfumo". Yake ilikuwa 1, kwa maandishi mazito. Firefox huandika kwa uzito kila kitu kilichobadilishwa, na hapo ndipo macho yanapaswa kukimbilia. Namba 1 inaiambia Firefox ipuuze 200% ya mfumo na kuchora kila kitu nukta kwa nukta, kama vile iko kwenye kioo cha zamani. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, alikuwa amehamisha folda yote ya Firefox kutoka kompyuta yao ya zamani ili baba asipoteze alamisho zake. Alamisho zilikuja, na mipangilio ya kioo kingine ikaja nazo. Nilibofya mshale wa kurudisha ulio kulia kwa mstari ule, na dirisha zima likatanuka papo hapo.

Namba hiyo pia hutumika kwa makusudi. Ukiweka 2 au 2.5, sehemu ya juu na kurasa vinakua pamoja. Kurasa zikizidi, punguza ukubwa wake wa kawaida kwenye mipangilio ya Firefox. Andika nukta, usiandike mkato, na angalia usije ukaandika 25 badala ya 2.5. Vitufe vitatoka nje ya kioo vyote. Ikifika huko, funga Firefox, fungua faili la prefs.js ndani ya folda ya mtumiaji, futa mstari wenye jina lile.

Chrome haina ukurasa wa namna hiyo. Kwenye njia ya mkato ya Windows, fungua Properties, na mwisho wa mstari wa Target acha nafasi kisha ongeza --force-device-scale-factor=2. Itafanya kazi ukiifungua Chrome kupitia njia hiyo ya mkato. Mtu akibofya kiungo kilichoko kwenye barua pepe wakati Chrome imefungwa, udogo unarudi, na utapigiwa simu.

Firefox ina faili jingine, userChrome.css, linaloweza kukuza maandishi ya juu peke yake. Tangu toleo la 69 la mwaka 2019 ni lazima uliruhusu kwanza kwenye about:config. Kwenye kompyuta yangu ninalo. Kwenye ya mteja siliweki, kwa sababu toleo jipya likija na kulivuruga, hatajua pa kuanzia.

8. Projekta huja na kipimo chake

Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, kila kioo kinaweza kuwa na kipimo chake. Ukichomeka projekta ya ukumbini, laptopu inabaki 200% na projekta inachukua 100%. Ukiichomoa, baadhi ya programu hubaki na kipimo cha kule mpaka uzifunge na kuzifungua upya. Jaribu hilo kabla ya kugusa kingine chochote.

9. Mwenye macho ndiye anayechagua

Mwalimu nilimkalisha kwenye kiti chake, miwani yake usoni, laptopu umbali anaouzoea. Kwa 200% alisoma anwani kwa kusitasita. Kwa 250% aliisoma vizuri, lakini vichupo vitatu tu vilijaza kioo na akakasirika. Tukakubaliana 225%. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye anwani, naye akakisoma kwa sauti ya darasani mpaka kwenye mkwaju.

Kisha akatoa simu ya mkewe mfukoni. Kwenye Android, tangu toleo la 7 la mwaka 2016, kuna vitelezi viwili: kimoja cha maandishi, kingine cha vitu vyote vinavyoonekana. Mama alikuwa ameshakiburuza cha kwanza mpaka mwisho. Cha pili hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa kipo.