Kabla ya Andalusia, tupange safari ya Mazinde

Jamaa yangu mmoja hapa Dar es Salaam amenionesha ratiba ya safari ya Hispania aliyoipanga kwa ajili ya familia yake. Siku mbili Córdoba, mbili Granada, moja Sevilla. Amekwisha kusoma kuwa msikiti mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa karne ya 8 na kufanywa kanisa mwaka 1236, na kwamba Granada ilisalimu amri mwaka 1492. Anajua hata kuwa tiketi za Alhambra hukatwa mapema, maana idadi ya wanaoingia kwa siku ina kikomo. Nilimpongeza. Kisha nikamuuliza: Semboja alikuwa nani?

Hakujua. Na bwana huyu kwao ni Moshi! Kila mwaka hupita Mazinde akiwa ndani ya basi, mara nyingi usingizini.

Ndugu msomaji, simkatazi mtu Andalusia. Ninachosema ni kwamba maandalizi yale yale yanatosha kwa safari ya siku tatu isiyohitaji viza.

Anza na kitabu, si na basi. Tafuta Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, Muislamu aliyeishi Usambara na kushuhudia baadhi ya mambo anayoyasimulia. Kilichapwa tena mwaka 1962. Humo utamkuta Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, ambaye ukoo wake wa Wakilindi uliwatawala Washambaa kutoka Vuga. Utamkuta pia Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848. Nguvu ya mfalme wa Vuga ilikuwa kodi ya mazao na mifugo, pamoja na imani ya watu kuwa yeye ndiye mwenye mvua.

Semboja ni mtoto wa Kimweri. Alisilimu, akafuata mavazi na maisha ya watu wa pwani, na makao yake akayaweka Mazinde, chini bondeni. Kwa nini mtoto wa mfalme aache mlima wenye ubaridi na mashamba, akae kwenye joto? Jibu lake huonekana vizuri ukiwa juu. Kwa hiyo Mazinde tuiache mwisho.

Kutoka Dar pitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha pandisha mlima kiasi cha kilomita 33 hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Njiani ni Soni, penye maporomoko ya maji. Anayetaka kufika Vuga hushika njia hapo. Epuka masika, Machi hadi Mei. Ukienda Juni au Julai watoto wabebe masweta, wasije wakashinda wamejikunyata chumbani.

Asubuhi ya siku ya pili nenda Irente, kilomita chache kutoka mjini. Simama ukingoni utazame chini. Ile ni Mazinde, na mashamba ya mkonge, na barabara ya Moshi, na njia ya reli ya Tanga, kisha nyika inayokwenda kwa Wamasai. Kabla ya reli, misafara ya Pangani ilipita chini ya mlima huu ikielekea Kilimanjaro. Aliyekaa Mazinde aliishika njia: pembe za ndovu zikishuka, nguo, baruti na bunduki zikipanda. Kwa bunduki hizo, mnamo mwaka 1868, Semboja alimfukuza Vuga Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, akamtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu. Yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Mtu kateka kiti cha baba yake na hataki kukikalia! Utawala wa mvua ulikuwa umeshindwa na utawala wa njia.

Hapa ndipo wengi wetu hupenda kuruka ukurasa. Bunduki zile zililipiwa pia kwa binadamu. Washambaa na Wabondei walitekwa katika vita hivi wakauzwa pwani, na Wabondei wakaasi. Mzazi awaambie watoto hilo pale pale ukingoni, bila kumung'unya maneno. Kusilimu kwa Semboja hakufanyi biashara hiyo kuwa halali. Wala si kweli kwamba Uislamu ulipanda mlima huu kwa bunduki zake: Waislamu wa pwani walikuwa wakifika Vuga tangu zama za baba yake.

Siku ya tatu shuka Mombo, kisha fuata barabara ya Moshi mwendo mfupi. Usitarajie Alhambra. Swali Adhuhuri msikitini, waamkie wazee, keti, na kamera ibaki mfukoni mpaka upewe ruhusa. Semboja alifariki mwaka 1895. Aliyemuona kwa macho hayupo tena. Waliopo ni wajukuu na vitukuu wa waliomuona, nao wanapungua. Uliza misafara ilipiga kambi wapi, chuo cha Qur'ani kilikuwa kwa nani. Andika kama wafanyavyo watu wa hadithi: nani kakwambia, naye kasikia kwa nani. Maneno ya mzee yakipishana na ya kitabu, yaandike yote mawili.

Jamaa yangu ameuliza kama watoto hawatachoka na milima. Nimemwambia Alhambra nayo iko kilimani.