Bodi Moja, Majina Matatu: Maswali Kuhusu Chevrolet Kubwa za 1953 hadi 1965

Bel Air ya 1957, yenye mapezi nyuma na kromu inayong'aa kila upande, imebaki picha ya neema ya Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wengi hudhani lilikuwa gari la matajiri. Kumbe Chevrolet ndiyo iliyokuwa chapa ya bei ya chini kabisa katika General Motors. Juu yake zilipangwa Pontiac, Oldsmobile, Buick na Cadillac. Kampuni iliwalenga watu wa mishahara ya kawaida, ikawauzia bodi ileile kwa madaraja tofauti, na kila baada ya miaka michache ikaongeza daraja jipya juu ili wazidi kutamani kupanda. Ukilielewa hilo, majina yote ya Chevrolet za zama hizo yanapangika vizuri.

Swali: Chevrolet "kubwa" ni zipi hasa?

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950, swali hilo lisingekuwa na maana. Ukiacha Corvette, gari dogo la michezo lililotoka mwaka 1953, Chevrolet ilikuwa na umbo moja tu la gari la abiria. Mambo yalibadilika Corvair ilipoingia sokoni kama toleo la 1960, ikafuatwa na Chevy II ya 1962 na Chevelle ya 1964. Baada ya hapo ndipo ilipobidi kuyatenga yale ya asili na kuyaita makubwa.

Na ukubwa wenyewe ulikuwa ukiongezeka. Gari la 1955 lilikuwa na urefu wa karibu mita 5. La 1959 lilifika mita 5.3 na ushei, na upana wake ulikuwa takriban mita 2.

Swali: One-Fifty, Two-Ten na Bel Air zilitofautiana wapi?

Majina hayo matatu yalianza kutumika pamoja mwaka 1953. One-Fifty ilikuwa ya chini: kromu kidogo, vitambaa vya kawaida, mapambo ya lazima tu. Ilinunuliwa sana na kampuni na idara zilizohitaji magari mengi ya kazi. Two-Ten ilisimama katikati. Bel Air, jina lililoanza mwaka 1950 kwa gari la milango miwili lisilo na nguzo kati ya madirisha, ikawa daraja zima la juu, lenye zulia, rangi mbili na mikanda mirefu ya kromu ubavuni.

Chini ya mapambo hayo bodi ilikuwa moja, chesi moja, na injini zilichaguliwa kutoka orodha ileile. Mteja wa Bel Air alilipia hasa kile ambacho jirani angekiona.

Mwaka 1955 Two-Ten ndiyo iliyouzwa zaidi. Kufikia 1957 Bel Air ilikuwa imeipita. Daraja la juu likawa ndilo chaguo la kawaida la familia, na General Motors ililisoma somo hilo barabara.

Swali: Kwa nini mwaka 1955 unatajwa sana?

Kwa sababu ya injini. Kwa muda mrefu Chevrolet ilijulikana kwa injini ya silinda 6, imara na ya kutegemewa lakini isiyomsisimua kijana yeyote. Iliwahi kuuza V8, yaani injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, kwa muda mfupi karibu na mwaka 1917, kisha ikaiacha. Mwaka 1955 mhandisi mkuu Ed Cole na timu yake walileta V8 mpya ya inchi za ujazo 265, yaani takriban lita 4.3. Ilikuwa nyepesi na fupi, na gharama ya kuitengeneza ilikuwa ndogo. Ilitoa nguvu za farasi 162, au 180 kwa aliyelipia kabureta kubwa zaidi.

Ubunifu wake ulidumu kuliko gari lenyewe. Injini za ukoo huo ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, na mwaka 2011 General Motors ilisherehekea injini ndogo ya V8 ya milioni 100.

Umeme nao ulipandishwa kutoka volti 6 hadi 12. Bodi, iliyobuniwa chini ya Harley Earl, mkuu wa ubunifu wa General Motors, ilikuwa ya mistari safi, isiyo na mavimbe ya miaka ya nyuma. Chevrolet ilitengeneza zaidi ya magari milioni 1.7 ya toleo hilo.

Swali: Je, aliyenunua la bei ya chini alipata gari dhaifu?

La hasha, na hapa ndipo uzuri wa mpangilio huu unapoonekana. One-Fifty ya milango miwili ilikuwa nyepesi kuliko Bel Air kwa kuwa haikubeba mapambo mengi, na mteja aliruhusiwa kuiagiza ikiwa na injini kali kuliko zote. Mwaka 1957 V8 ilikuzwa hadi inchi za ujazo 283, na kwa mara ya kwanza Chevrolet ikauza mfumo wa kunyunyiza petroli badala ya kabureta. Ikiwa na mfumo huo, injini ilitoa nguvu za farasi 283, moja kwa kila inchi ya ujazo.

Madereva wa mashindano walilijua hilo. Magari ya mashindano ya NASCAR ya Marekani yaliyopewa jina la Black Widow yaliundwa kutokana na One-Fifty hizo, na dereva Buck Baker alitwaa ubingwa wa 1957 akiendesha Chevrolet.

Swali: Bel Air ilipotezaje nafasi yake ya juu?

Ilizidiwa na mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1958 Chevrolet ilibadilisha karibu kila kitu: chesi mpya yenye umbo la X, taa nne mbele, spring za mviringo kwenye magurudumu yote. One-Fifty ikawa Delray na Two-Ten ikawa Biscayne. Ndani ya Bel Air kukazaliwa toleo la kifahari la milango miwili, la paa la kawaida au la kufunguka, likaitwa Impala.

Mwaka 1959 Impala ilijitenga ikawa daraja kamili, ikiwa na magari ya milango minne pia. Delray ikafutwa. Biscayne ikashuka chini kabisa na Bel Air ikabaki katikati, pale palipokuwa pa Two-Ten.

Ishara za cheo zilipangwa kwa uangalifu. Kuanzia 1960 hadi 1965, Impala ilikuwa na taa tatu kila upande wa nyuma, huku Bel Air na Biscayne zikiwa na mbili. Aliyekuwa kwenye foleni nyuma yako alijua umelipia kiasi gani kabla hajakuona uso.

Mpango ulilipa. Mwaka 1965 Chevrolet iliuza zaidi ya Impala milioni moja. Lakini jina linalonunuliwa na kila mtu haliwezi kumtofautisha mtu. Mwaka huohuo kampuni ilileta Caprice, kwanza kama nyongeza ya kifahari kwa Impala ya milango minne, na mwaka 1966 ikaipa daraja lake. Biscayne ilipoondolewa Marekani baada ya 1972, Bel Air ikawa ndiyo ya chini kabisa, hadi nayo ilipositishwa nchini humo mwaka 1975.

Swali: Ni kweli magari hayo yalikuwa imara kuliko ya leo?

Bati lilikuwa nene na bampa nzito, lakini abiria hakulindwa. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, iligonganisha Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, kwa kilomita 64 hivi kwa saa. Chumba cha abiria cha Bel Air kilikunjamana na usukani ukarudi nyuma. Vipimo vya mwanasesere aliyekalishwa kwenye kiti cha dereva vilionyesha kwamba dereva halisi angekufa. Wa Malibu angepata jeraha la mguu.

Sababu ni muundo. Gari la kisasa hutengenezwa ili sehemu ya mbele ijikunje na kumeza nguvu ya mgongano huku chumba cha abiria kikibaki imara. La 1959 halikuwa na mpango huo. Ni mwaka 1968 ndipo serikali ya Marekani ilipolazimisha mikanda ya usalama katika magari mapya ya abiria.

Swali: Kwa nini magari hayo bado yako mengi Havana, Cuba?

Kabla ya mapinduzi ya 1959, Cuba ilikuwa soko la karibu la viwanda vya Marekani. Vikwazo vya Marekani vilianza 1960 na kukazwa 1962, magari mapya kutoka Marekani yakakoma. Yaliyokuwepo ikabidi yatunzwe. Mafundi wa Cuba wameyafungia injini za dizeli za aina mbalimbali, wakachonga vipuri wenyewe, na mengi yanabeba abiria kama teksi. Kwa hiyo Bel Air inayopendeza nje huenda isiwe na hata boliti moja ya injini yake ya awali.

Swali: Mnunuzi atajuaje kama Bel Air ya 1957 ni halisi?

Asiamini mapambo. Bamba la alumini lenye mistari kwenye pezi na herufi V ya dhahabu kwenye boneti vinauzwa kama vipuri, na Two-Ten nyingi zimevishwa nguo ya Bel Air kwa kuwa bodi ni ileile.

Atazame kibati cha namba ya gari kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva. Namba ikianza na C57, gari lilitoka kiwandani kama Bel Air ya silinda 6. VC57 ni Bel Air ya V8. Herufi B ni ya Two-Ten, na A ni ya One-Fifty. Namba hiyo haisemi ni V8 ipi iliyofungwa, kwa hiyo anayeambiwa injini ni ya kunyunyiza petroli adai pia kusoma herufi zilizogongwa kwenye bloku ya injini kabla ya kutoa hata senti.