Kimondo au Mavi ya Chuma?

Mtu akipalilia migomba katika kibanja chake, huko Maruku au Kamachumu, hutokea jembe likagonga jiwe jeusi. Uso wa jiwe hilo umevimba hapa na kubonyea pale, na mtu akiliinua hushangaa, maana uzito wake wapita uzito wa mawe mengine ya ukubwa ule ule. Watoto hukusanyika kulitazama. Mmoja husema, "Hiki ni kimondo, kimeanguka kutoka mbinguni." Mwingine, ambaye amepata kukaa na kumsikiliza babu yake, hujibu, "La, haya ni mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani." Katika wilaya za Bukoba na Muleba ubishi huu ni mgumu kuliko mahali pengi, kwa kuwa nchi hii ilikuwa nchi ya wayeyusha chuma tangu kale, na taka za kazi yao zimelala chini ya migomba na katika majani ya rweya. Lakini kuna njia za kuumaliza.

Kwanza ijulikane kimondo ni nini. Usiku usio na mawingu, mtu aketiye nje huona kama nyota imetoka mahali pake, ikapita upesi na kuzimika. Si nyota. Nyota ni kubwa mno, nazo ziko mbali mno. Kinachopita ni kipande cha jiwe au cha chuma kilichokuwa kikizunguka jua, na mara nyingi hakizidi punje ya mchanga kwa ukubwa. Kipande hicho huingia katika hewa ya dunia kwa mwendo wa kilomita 11 au zaidi kwa kila sekunde moja; hewa iliyo mbele yake husongwa, hupata moto mkali, na kipande huteketea. Watu wa pwani walikuwa wakisema ya kuwa ni vijinga vya moto ambavyo malaika huwatupia mashetani wanaosikiliza siri za mbinguni. Vipande vikubwa haviteketei vyote. Ngozi ya juu huyeyuka na kupeperuka, lakini kiini hubaki, na mwisho mwendo hupunguzwa na hewa hata kikaanguka kama jiwe lililotupwa kutoka juu ya mlima. Kiswahili kina neno moja, kimondo, kwa ule mwanga upitao na kwa jiwe lenyewe.

Mawe ya namna hii yamekwisha kuanguka karibu na nchi ya Buhaya. Mwaka 1942 jiwe la kilo 5 hivi lilianguka Maziba, katika nchi ya Kigezi, Uganda, ng'ambo ya mpaka tu. Na tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, watu wa mji wa Mbale katika mashariki ya Uganda walisikia mshindo mkubwa, kisha mawe yakaanguka mjini na mashambani. Yaliyookotwa yalikuwa mengi, na kubwa lao lilipita kilo 27. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu 3 hivi. Kijiwe hicho kilikuwa kimegonga kwanza jani la mgomba, nalo jani likakipunguzia nguvu, asipate kuumia. Watu wanaoishi kati ya migomba wana haki ya kuifurahia habari hii.

Basi jiwe la kibanjani lichunguzwe. Uzito peke yake hautoshi, wala sumaku haitoshi. Vimondo vingi vina chuma ndani yake na huvutwa na sumaku, lakini mavi ya chuma nayo mara nyingi huvutwa, na hata baadhi ya mawe mekundu ya nchi hii huvutwa kidogo. Ishara iliyo bora ni matundu. Mavi ya chuma yalikuwa maji ya moto yaliyochemka katika tanuru. Yalipoganda, povu lake lilibaki ndani, hivyo yakivunjwa huonyesha vishimo vya mviringo vingi kama vya mkate. Kimondo kwa kawaida hakina matundu ndani. Kwa nje kina ngozi nyembamba, yapata unene wa ganda la yai, nyeusi kikiwa kipya na ya rangi ya kutu kikiwa kimekaa mvuani. Na pengine kina mabonyeo mapana kama mtu aliyebonyeza udongo kwa kidole gumba. Jiwe lisuguliwe pia juu ya upande wa nyuma wa kigae usiopakwa rangi ya kung'aa. Likiacha mstari mwekundu au wa hudhurungi, yaelekea ni jiwe la kawaida lenye kutu ya chuma, la aina ileile ambayo wahunzi waliichimba.

Jaribio la mwisho ni la tupa. Pembe moja ndogo ya jiwe, isiyozidi ukucha wa mtoto, hukwanguliwa mpaka iwe sawasawa. Ikiwa ni kimondo cha mawe, mara nyingi vitaonekana vitone vya chuma vinavyong'aa, vimetawanyika katika jiwe la kijivu. Ikiwa hakuna hata kitone, na uso ni kama kioo cheusi, huyo aliyetaja habari za babu yake ndiye mwenye haki.

Na kwa kweli, katika Bukoba na Muleba, mara nyingi sana yeye ndiye atakayekuwa na haki. Mji wa Bukoba hupata mvua kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma cha kimondo hakipendi mvua. Huliwa na kutu hata kisitambulikane na udongo. Ndiyo sababu vimondo vingi duniani huokotwa katika majangwa makavu na katika barafu ya ncha ya kusini. Lakini mtoto aliyetaka kimondo akapata mavi ya chuma asiyatupe kwa hasira. Na ayageuze kwanza, atazame upande wa chini.

Huenda akaona mifuo iliyonyoka, myembamba, imepigwa chapa katika jiwe. Hiyo ni chapa ya majani ya kinamasi. Wahaya walipotaka kuyeyusha chuma walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu usiopasuka kwa moto, wakayachoma majani ya kinamasi ndani yake mpaka shimo likajaa majani yaliyoungua. Juu ya shimo walijenga tanuru, wakatia makaa na mawe yenye chuma, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi za mbuzi iliyounganishwa na mabomba ya udongo. Mabomba hayo yaliingia ndani kabisa ya tanuru, si kuishia ukutani kama katika nchi nyingine. Na wako wataalamu wasemao kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata joto kabla ya kuufikia moto, ijapokuwa wengine hawajakubali. Takataka zilizoyeyuka zilishuka shimoni juu ya majani, zikaganda huko, zikachukua sura ya kila unyasi. Unyasi ule umekwisha kuoza au kuungua. Chapa yake ipo.

Maarifa haya yalikuwa karibu kupotea, kwa sababu majembe ya kununuliwa yalizima tanuru. Katika miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao waliijenga tanuru tena mbele ya Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, wakayeyusha chuma mbele ya macho yake. Yeye alikuwa amechimba Katuruka, karibu na Maruku, na baadaye Kemondo, penye bandari, katika njia iendayo Muleba. (Mtu asiende Kemondo kutafuta kimondo kwa ajili ya jina tu, kufanana kwa sauti si ushahidi.) Pale Kemondo yalipatikana matanuru ya karne za kwanza baada ya Kristo, na Katuruka mabaki ya kazi ya chuma yaliyo ya zamani zaidi, ya miaka zaidi ya 2,000.

Jinsi alivyopaona mahali pa kuchimba ni jambo la kukumbukwa. Wazee wa Katuruka husimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17. Wasema ya kwamba aliwakusanya wahunzi, akawaamuru wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona huko kulivyo. Lakini mnara ukaanguka. Walionyesha na mti uitwao Kaiija, mahali pa mfua chuma, ulipohusika mnara huo. Wachimbaji walipofukua chini ya mti huo walikuta mabaki ya uhunzi, tena ya zamani kumpita mfalme mwenyewe kwa karne nyingi. Watu wa pale walikuwa wamelihifadhi jambo la kweli ndani ya hadithi, bila kuandika neno.

Chuma cha Rugomora Mahe kilitaka kupanda mbinguni kisifike. Kilichoshuka kipo mbali, upande wa kusini-magharibi wa Tanzania, katika wilaya ya Mbozi, ambayo sasa imo katika Mkoa wa Songwe. Hapo penye mteremko wa kilima cha Marengi kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, nacho ni miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana duniani. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walipata habari zake mwaka 1930. Hakuna shimo linaloonyesha mahali kilipopiga, wala hadithi ya siku kilipoanguka, na kwa hiyo hudhaniwa kwamba kilianguka zamani sana. Sehemu 90 katika 100 za kimondo hiki ni chuma, na karibu 9 ni nikeli.

Mwaka ule ule wa 1930, mwezi wa Desemba, mtaalamu wa miamba aitwaye Grantham alikwenda kukata kipande cha kuchunguzwa. Alitumia msumeno wa chuma, na kukipata kipande cha sentimita 10 hivi kulichukua saa 10. Nikeli ndiyo ilimtesa, maana chuma kilichochanganyika nayo hakikatiki kwa urahisi. Wengine nao walijaribu kujikatia vipande vya kupeleka nyumbani. Tangu mwaka 1967 kimondo hicho kinalindwa na serikali. Udongo uliokizunguka umechimbwa, kikawekewa msingi chini yake, watu wapate kukiona chote. Na alama ya msumeno ipo.

Ugumu huo haukuwazuia watu wa kale kukitumia chuma cha mbinguni. Misri walitengeneza shanga kwa chuma cha namna hiyo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla hawajajua kuyeyusha chuma cha ardhini. Na jambia lililokutwa katika kaburi la mfalme Tutankhamun lilipimwa, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba nikeli yake yaonyesha asili ya kimondo. Watu wa Greenland, ambako hakuna kuni za kutosha tanuru, waligongagonga vimondo vyao kwa mawe magumu, wakapata vipande vidogo vya kutia katika makali ya visu. Hawakuwa na fuawe wala mvukuto.

Siku hizi wako watu, katika nchi nyingi, wanaokusanya vimondo kwa kupenda tu, na kuvichonga. Kipande cha chuma hukatwa polepole kwa msumeno unaopozwa kwa maji, kisha husuguliwa kwa msasa mkwaruzo, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka kiwe kama kioo. Baadaye hupakwa tindikali hafifu, kazi ya mtu mzima aliyefundishwa, na hapo hutokea jambo la ajabu: katika uso ule mtupu mistari huchomoza, ikikatana kama ukindu uliosukwa. Mistari hiyo haikuchorwa na mtu. Ilifanyika chuma kilipokuwa ndani ya mwili mkubwa angani, kikipoa kwa miaka mamilioni. Hakuna tanuru liwezalo kuiga subira hiyo, kwa hiyo mistari ni ushahidi usiokanushika. Kipande hukaushwa na kupakwa mafuta. Hata jasho la mkono hukitia kutu.

Lakini kila pitio la msumeno hugeuza sehemu ya kimondo kuwa unga usiorudi tena, na mapambo yanayochongwa kwake, kama pete na vipini, hula zaidi. Afadhali kukata mara moja tu, pembeni, na kukiacha kilichobaki kizima. Kuna vimondo visivyofaa kukatwa kabisa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, ambako nako ni katika nchi ya Songwe. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi, cheusi, laini kama kaa la moto lililozimika, chepesi kumeguka. Mtu anayetafuta chuma tu angekiruka kwa mguu. Nacho ndicho kilichopewa heshima kuliko vyote vya Tanzania, maana wataalamu wameliita kundi zima la vimondo kwa jina la Ivuna. Vilivyomo ndani yake, ukitoa zile hewa nyepesi, vina kiasi kilekile kama vilivyomo katika jua, kwa kuwa havikubadilika sana tangu sayari zilipoanza kufanyika, yapata miaka milioni 4,560 iliyopita. Mwezi wa Desemba 2020 chombo cha Japani kilileta mchanga kutoka gimba la angani liitwalo Ryugu. Walipoulinganisha na vimondo vyote, uliofanana nao zaidi ni wa Ivuna.

Mwenye kuokota jiwe lenye mashaka, liwe kimondo au mavi ya chuma, alifunge katika karatasi kavu na kuandika juu yake siku, jina la kijiji, mahali lilipolala, na kina chake katika udongo. Kule Mbale, kwa kuwa mahali pa mawe mengi paliandikwa, iliwezekana kujua njia ambayo kimondo kilipita angani kabla ya kuvunjika. Na mavi ya chuma yaliyoandikwa hivyo yaweza kumwongoza mchimbaji mpaka penye tanuru. Jiwe la kutiliwa shaka kwamba ni kimondo huweza kuonyeshwa kwa wataalamu wa miamba wa serikali, ambao ofisi yao kuu iko Dodoma. Jiwe lenye chapa ya majani halina haja ya safari hiyo. Na lipelekwe kwanza kwa mzee wa kijiji, aulizwe ni ukoo gani uliokuwa ukifua chuma mahali pale.