Dondoo muhimu: Ndege wa kaskazi, Likoni hadi Mtwapa

Ndege hawa wahamiaji huja majira ya kaskazi, Novemba hadi Machi: kwao Siberia kumeganda kwa baridi, sisi huku tunatoka jasho. Kabla ya darubini, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na ndege hutawanyika mbali mwambani. Subiri yaanze kujaa. Yatakusogezea ndege hadi karibu.

Ufuo wa Shelly, Likoni, unatosha kwa kuanzia. Mtafute sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Akimchomoa kaa, humkung'uta mpaka miguu ing'oke, pengine humsuuza majini, ndipo ammeze. Wale wadogo wanaokimbizana na povu ni jamii ya chamchanga. Kuwatofautisha kunachosha, kwa hiyo anza na rangi ya miguu na umbo la mdomo.

Kisauni, jaribu mikoko ya hori ya Mtwapa. Changamwe, hori ya Port Reitz ina matope mazuri, ila usielekeze darubini wala kamera bandarini, wala kwenye kambi ya jeshi la majini kule Mtongwe. Hadithi za sululu hazitakuokoa.

Jua liwe mgongoni. Vaa raba, kandambili huishia matopeni.