Mbwa akila mafuta ya nyama, usimpe dawa zako

Karamu ya nyama choma inapokwisha, vipande vya mafuta ambavyo wageni wamevikataa hutupiwa mbwa. Wengi huona hiyo ni haki yake kwa kulinda boma. Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo, lakini wagonjwa wangu huniuliza mara kwa mara wampe mbwa vidonge gani anapotapika siku ya pili. Swali hilo hunitia wasiwasi.

Mbwa, kama sisi, ana kongosho, kiungo kilicho karibu na tumbo ambacho hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Kwa kawaida vimeng'enya hivyo huanza kazi vikishafika kwenye utumbo mdogo. Mlo wenye mafuta mengi unaweza kuvifanya vianze kazi vikiwa bado ndani ya kongosho, nacho kikaanza kujisaga chenyewe na kuvimba. Kwa binadamu ugonjwa huu aghalabu huletwa na vijiwe vya nyongo au pombe. Mbwa wanene na wale wa makamo kwenda juu ndio hupatwa zaidi, na wengine hufa.

Ukimkuta amekwisha kula, ondoa yaliyobaki na ukadirie amekula kiasi gani. Mwekee maji safi. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa nayo si dawa, yana mafuta. Akiwa mchangamfu, mpe wali mtupu na kuku wa kuchemshwa asiye na ngozi wala mifupa, kidogo kidogo, na umchunguze kwa siku tatu. Kuharisha mara moja au mbili si ajabu.

Lakini akitapika tena na tena, akikataa chakula au akilegea, hali ni nyingine. Mbwa anayeumwa na tumbo huenda akalaza kifua chini, miguu ya mbele ameinyoosha, huku sehemu ya nyuma ikiwa juu. Watu hudhani anajinyoosha tu! Mguse fizi: zikiwa kavu na zenye kunata, amepungukiwa na maji mwilini. Usingoje kesho.

Sasa kuhusu vile vidonge. Ibuprofen, ambayo wengi wetu tunayo kabatini, huweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, hasa akiwa tayari amekaukiwa na maji. Diclofenac ni vivyo hivyo. Parasetamo huweza kudhuru ini lake. Usijaribu kukata kidonge nusu kwa sababu mbwa ni mdogo. Mwili wake hauzichuji dawa hizi kama wetu. Daktari wa mifugo atamtundikia maji ya mshipani na kumpa dawa za kuzuia kutapika na maumivu zinazomfaa mbwa.

Walio Nairobi wanaweza pia kumpeleka kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Popote uendapo, eleza alikula saa ngapi, ametapika mara ngapi na kama amekwisha kupewa dawa yoyote. Taja pia mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka na kutoboa utumbo, na kachumbari ikiwa ilichanganyika na makombo hayo, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili zake huweza kuchelewa siku kadhaa.