SOMO LA USALAMA KAZINI: CHOMBO KILICHOPENDWA KILIVYOUAWA NA UONGOZI MBAYA



Mara nyingi tukizungumza juu ya usalama wa mashine, mawazo yetu huenda kwenye rola za kukamulia miwa, msumeno wa mbao, au mkanda unaobeba majani ya chai. Leo tunataka tujifunze kutokana na mashine ya namna nyingine kabisa, mashine iliyotengenezwa ili kuwafurahisha watoto na wazazi wao. Mashine hiyo haipo tena. Haikufungwa kwa kukosa wateja wala kwa uzee wa chuma chake. Ilifungwa kwa sababu wakubwa waliosimamia kazi hawakuitunza, na watu 4 walipoteza maisha yao. Tuisome habari hii polepole, halafu tujitazame sisi wenyewe.

Mashine yenyewe

Huko Australia, katika jimbo la Queensland, mahali paitwapo Gold Coast, kuna bustani kubwa ya burudani inayoitwa Dreamworld. Ilifunguliwa mwaka 1981. Mwaka 1986 waliongeza humo mto wa kutengenezwa, wakauita Thunder River Rapids. Wageni waliketi 6 katika chelezo cha duara, wakachukuliwa na maji yaendayo kasi. Mwishoni chelezo kilipanda juu ya mkanda wa vibao, mkanda ukakifikisha kwenye kituo cha kushukia.

Haukuwa mchezo wa kutisha. Ulikuwa mchezo wa jamaa nzima, baba, mama na watoto, na kwa miaka 30 ulikuwa miongoni mwa michezo iliyopendwa sana katika bustani hiyo.

Maji yalisukumwa na pampu 2 kubwa. Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote. Pampu moja ikisimama, maji hushuka upesi sana, na chelezo kilichofika mwisho wa mkanda hukaa juu ya reli za chuma bila kuelea. Lakini mkanda hausimami pamoja na pampu. Wenyewe unaendelea kuleta vyelezo vingine.

Siku ya ajali

Tarehe 25 Oktoba 2016 pampu moja iliharibika. Mafundi wakaiwasha tena, kazi ikaendelea. Ikaharibika mara ya pili, ikawashwa tena. Mchana ikasimama mara ya tatu. Maji yakashuka. Chelezo kitupu kikakwama juu ya reli. Nyuma yake mkanda ukaleta chelezo chenye watu 6. Vyelezo vikagongana, kile chenye watu kikainuka, na mkanda ukaendelea kuvuta. Watu wazima 4 walikufa pale pale. Watoto 2 waliokuwa pamoja nao walisalimika.

Tangu pampu isimame hadi vyelezo vigongane, muda wake ulikuwa karibu dakika moja tu.

Makosa yalikuwa wapi?

Hakimu anayechunguza vifo alisikiliza mashahidi kwa wiki nyingi katika mwaka 2018, na mwezi wa Februari 2020 akatoa taarifa yake. Tuyatazame mambo makubwa yaliyoonekana, moja baada ya moja.

Kwanza, onyo lilikuja mapema. Mwezi wa Januari mwaka 2001, wakati mashine ikijaribiwa bila wageni, vyelezo viligongana na kupinduka karibu na mahali pale pale. Wakati huo wakubwa wangeweza kusimamisha kazi na kumwita mhandisi aitazame mashine yote. Katika miaka yote 30 haikufanyiwa uchunguzi kamili wa hatari zake na mhandisi mwenye ujuzi huo.

Pili, mwaka 2014 vyelezo viligongana tena. Safari hiyo aliachishwa kazi mfanyakazi mmoja aliyekuwa akiendesha mashine. Ndugu, hapa tutulie kidogo. Mtu alifukuzwa, mashine ikabaki vile vile. Ukimtoa dereva katika gari lisilo na breki na kumweka mwingine, hujalitengeneza gari.

Tatu, hapakuwa na kifaa cha kupima maji na kusimamisha mkanda chenyewe maji yanaposhuka. Wafanyakazi walitazama kwa macho tu alama ya maji ukutani. Kifaa hicho si cha ajabu wala si cha bei kubwa. Hata tangi la maji la kijijini huwekewa boya la kuzuia maji yasimwagike.

Nne, mkanda wenyewe ulikuwa umebadilishwa. Vibao vingi viliondolewa zamani, ikabaki mianya mipana baina ya kibao na kibao. Hakuna aliyefanya hesabu ya kujua mianya hiyo na zile reli zingefanya nini chelezo kikikwama.

Tano, mafunzo. Mmoja wa wafanyakazi 2 waliokuwa kwenye mashine alikuwa katika siku yake ya kwanza ya kuiendesha. Alifundishwa asubuhi ile ile kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Karibu naye palikuwa na kitufe cha dharura ambacho kingeweza kusimamisha mkanda katika sekunde 2 tu. Lakini alikuwa ameambiwa asijishughulishe nacho. Kitufe alichotumia mwenzake kwenye meza ya kuendeshea kilihitaji sekunde 9 hivi mpaka mkanda usimame. Na wote wawili walikuwa na mambo mengi ya kutazama kwa wakati mmoja: kupakia wageni, kushusha wageni, taa, maji, kamera.

Sita, fedha. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika mwaka huo huo wa 2016 wakubwa walikuwa wamejadili kupunguza matumizi ya matengenezo. Kumbukumbu za matengenezo nazo zilikuwa ovyo, hata ikawa vigumu kujua nani alitengeneza nini na lini.

Hakimu huyo hakuwatwisha mzigo wale wafanyakazi 2. Alisema wazi kwamba mfumo mzima wa usalama wa kampuni ulishindwa.

Nani aliyelipa?

Mashine haikufunguliwa tena. Ilibomolewa. Bustani ilifunguliwa mwezi wa Desemba 2016, lakini wageni walikuwa wamepungua sana, na hasara ikafuata kwa miaka. Mwezi wa Septemba 2020 kampuni iliyomiliki bustani, Ardent Leisure, ilitozwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia baada ya kukiri makosa mahakamani.

Hesabu hiyo tuiweke vizuri vichwani. Watu 4 hawakurudi nyumbani. Vijana waliokuwa kazini walibeba huzuni ambayo haikuwa haki yao kuibeba. Na kampuni iliyotaka kubana fedha ya matengenezo ikapoteza fedha nyingi kuliko ile iliyobana. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni hii haikuziba ufa, na ukuta haukujengeka.

Chama cha Australian Workers' Union, chenye wanachama katika bustani hiyo, kilisema baada ya ajali kwamba kilikuwa kimekwisha kueleza wasiwasi wake juu ya usalama kabla ya siku hiyo. Na mwaka 2017 bunge la Queensland lilipitisha sheria mpya. Kwa sheria hiyo, mwajiri au mkubwa wa kazi ambaye uzembe wake unamwua mfanyakazi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Sheria hiyo ilikuja baada ya ajali hii na ajali nyingine ya mwezi huo huo ambayo iliua wafanyakazi 2. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiidai.

Yanatuhusu nini sisi?

Sisi tunaozunguka katika matawi tumeona mengi yanayofanana. Tumeona kitufe chekundu kilichofungwa kwa waya ili kisisumbue kazi. Tumeona kinga ya mkanda imewekwa pembeni tangu msimu uliopita. Tumeona kijana wa kibarua akipelekwa kwenye mashine asubuhi na kuachwa peke yake mchana. Na ajali ikitokea, swali la kwanza la msimamizi huwa: "Nani alikuwa zamu?" Swali la chama liwe jingine: "Mashine hii iliharibika mara ngapi kabla ya leo, na nani aliambiwa?"

Ili tuweze kujibu swali hilo, tunahitaji kazi ndogo ndogo za kila siku:

1. Kila tawi liwe na daftari. Mashine ikisimama, andika tarehe, saa, kilichoharibika, na jina la aliyepewa habari. Neno la mdomo husahauliwa, karatasi hubaki.

2. Mashine ikiharibika mara ya pili kwa sababu ile ile katika siku moja, wawakilishi wadai isimamishwe mpaka fundi aone chanzo. Kuiwasha tena si kuitengeneza.

3. Mfanyakazi mgeni asiachiwe mashine kabla ya kuonyeshwa kitufe cha kuisimamisha na kukibonyeza mwenyewe.

4. Mwenzetu akifukuzwa baada ya ajali, tawi lisikubali jambo liishie hapo. Tuulize mashine imefanyiwa nini.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

(a) Katika kiwanda au shamba lenu, ni mashine gani ambayo kila mtu anajua ni mbovu lakini haijaandikwa popote?

(b) Vitufe vya dharura viko wapi? Je, mfanyakazi aliyeanza wiki hii anavijua?

(c) Kama pampu, mota au mkanda ukisimama ghafla, ni mashine gani nyingine itaendelea kwenda, na nani yuko mbele yake?

Ndugu, tusiseme kwamba haya ni ya Australia. Chuma hakijui nchi. Jibuni maswali haya katika mkutano wenu ujao, na majibu ya swali (a) yaandikwe na kupelekwa kwa mwajiri kwa barua ya chama, nakala ibaki tawini.