Nivae dishdasha Maskati?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Tanga. Mwezi wa saba naenda Maskati kwenye harusi ya binamu yangu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Rafiki yangu ananishauri ninunue dishdasha, kilemba na hata jambia, nishuke uwanja wa ndege nikiwa Muomani kamili. Binamu zangu wamezaliwa kule. Naogopa wataona haya kutembea na mshamba. Nifanyeje?
Msafiri, Tanga

Marahaba mwanangu. Jambia liache. Ni kisu, hupandi nacho ndegeni, na wenyewe hulivaa siku za harusi na sherehe. Limo hata kwenye nembo ya taifa lao.

Dishdasha ndiyo yenye maneno. Rafiki yako anadhani Maskati mgeni hukodolewa macho. Sivyo. Oman nzima, takriban watu wanne katika kila kumi si raia. Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani ni wengi mno, na shati na suruali utazikuta soko la Mutrah kama unavyozikuta Ngamiani, huko kwenu Tanga. Dishdasha ndiyo inayomtambulisha mwenyeji, na ndilo vazi la wanaume wa Kiomani katika ofisi za serikali. Haina kola. Shingoni inaning'inia furakha, kishada kidogo kinachotiwa manukato. Kilemba nacho kina mikunjo yake, ambayo vijana hufunzwa na baba zao. Ukijifunga mwenyewe kwa kuiga video, watakujua kabla hujafungua kinywa.

Sasa hilo la binamu zako, maana naona ndilo lililokuandikisha barua. Kwani kanzu yako ina kasoro gani? Kofia ya Waomani, kumma, na kofia yetu ya viua ni ndugu. Pwani hizi mbili zimeigana mavazi kwa karne nyingi. Na Maskati zipo nyumba ambako Kiswahili bado ndicho kinachozungumzwa sebuleni, hasa za waliotoka Unguja. Mzee wa nyumba kama hiyo akiona kofia iliyoshonwa kwa mkono, jicho kwa jicho, hatakuita mshamba. Ataomba aishike. Mimi nakusihi usiende kwa ndugu zako ukiwa umejificha ndani ya nguo.

Safarini vaa suruali nyepesi na shati la mikono mirefu, la pamba, kwa sababu Julai joto hupita nyuzi 40. Kaptura iwe ya ufukweni tu. Kikoi ukitumie ndani: Muomani naye huvaa wizari chini ya dishdasha kama wewe unavyovaa kikoi chini ya kanzu, basi usitoke nacho peke yake mbele ya wakwe.

Ila mjomba wako akikuletea dishdasha siku ya harusi, ipokee kwa mikono miwili, uivae, na umwombe yeye mwenyewe akufunge kilemba. Hapo umevishwa, hukujivika.

Mpigie mjomba simu wiki hii. Muulize wanaume wa upande wenu watavaa nini, na kabla hujakata, muulize kipimo cha kichwa chake. Kofia nzuri ya viua hushonwa kwa miezi, na Julai haiko mbali.